Pori Nililolichora Juu ya Intumba za Mama

Vijana wangu wa chumba cha kompyuta,

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani na keki, kisha mkalalamika kwamba hotuba yangu ilikuwa fupi. Ilikuwa fupi kwa sababu nilikuwa naiona keki inavyokwisha. Sasa nipo nyumbani, hakuna anayenigongea mlango kuuliza faili liko wapi, na miguu yangu iko kwenye beseni la maji ya moto kwa sababu baridi ya Sumbawanga haimjali mstaafu. Nitawaandikia ile hotuba mliyoitaka.

Vyeo nitaviruka. Mishahara nayo mnaijua, na msiyoijua haiwahusu. Nataka kuwaeleza ramani ya kwanza niliyoichora maishani mwangu, nikiwa bado mwanafunzi, na jinsi ramani hiyo ilivyokaribia kuwanyima chakula cha mwaka mzima mama yangu na majirani zake. Sijawahi kuwasimulia. Kila mara nilipotaka kuanza, mmoja wenu alikuwa anasema umeme umekatika.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu Dar es Salaam, nasoma jiografia. Kila mwanafunzi alitakiwa kufanya utafiti wakati wa likizo ndefu. Nikaandika kwamba nitachunguza matumizi ya ardhi katika nyanda za juu za Ufipa kwa kutumia picha za anga. Mwalimu akanisifu kwa kuchagua jambo la kisasa. Ukweli ni kwamba nilitaka safari ya chuo inifikishe nyumbani. Mkoa wa Rukwa ulikuwa mchanga kabisa, ofisi nyingine za Sumbawanga zilikuwa bado zinanuka rangi, na shughuli ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa ilikuwa imepamba moto. Wakati huo ndipo nilipofika na begi langu na sweta moja, wakati kiangazi kile kilihitaji mawili.

Nikakabidhiwa kwa Ndugu Ambakisye. Huyu alikuwa mtumishi wa ofisi ya ardhi, mtu wa Mbeya, mfupi, mwenye koti la kaki ambalo sikuwahi kumwona amelivua. Alikuwa na kazi ambayo watu wa ofisini hawakuielewa, kwa hiyo walimwacha kwa amani. Kazi yake ilikuwa kusoma picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege na kuzigeuza kuwa ramani. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, akaniangalia viatu, akasema, “Ndugu Felista, hivyo viatu ni vya ofisini. Kazi hii inafanyika kwa miguu.”

Siku mbili za kwanza sikuona picha hata moja. Nilichonga penseli kwa wembe, nikafuta lenzi kwa kitambaa laini, nikajifunza kukunja karatasi angavu ya kufuatishia bila kuiachia alama ya vidole. Nilinung'unika kimoyomoyo. Msomi mzima, nafuta vioo! Siku ya tatu akanivutia kiti, akaweka mezani picha mbili nyeusi na nyeupe zilizofanana kama mapacha, akasimamisha juu yake kifaa chenye lenzi mbili na miguu minne myembamba ya waya. Jina lake ni stereoskopu. Yeye alikiita miwani ya mezani.

“Ndege inapiga picha, inasogea kidogo, inapiga nyingine ya mahali pale pale,” alisema. “Jicho la kushoto lipe hii, la kulia lipe ile. Halafu usikaze macho. Yaachie, kama unamtazama mtu aliye mbali barabarani.”

Nikainama. Kwa muda niliona picha mbili zinazogombana. Nikayaachia macho. Mungu wangu! Ardhi iliinuka. Nawaambia iliinuka, ikanijia usoni. Milima ikawa milima, mabonde yakazama, miti ikasimama kila mmoja peke yake, na pembeni kabisa nyanda zetu zikakatika ghafla kwenye ule ukuta wa Lyamba lya Mfipa, chini kabisa kukiwa na bonde la Rukwa. Njia ya kuteremka Milepa, ambayo niliwahi kuitembea nusu siku magoti yakilia, ilikuwa uzi mwembamba unaopita chini ya kucha yangu. Nilishika meza kwa mikono miwili nisianguke.

“Wote wanashika meza,” Ndugu Ambakisye alisema. “Injinia mmoja alishika tai yangu.”

Machozi yalinitoka, na sikuona haya. Nilikuwa nimezaliwa juu ya ardhi hii nikaichapa kwa miguu mitupu miaka kumi na kitu, na sikuwahi kuiona. Ninyi mnakuza na kupunguza kwa kidole huku mnakula karanga. Sina ugomvi na karanga. Ila siku moja zimeni hiyo mitambo, mwombeni mtu wa stoo awape ile miwani, muone ardhi inavyoamka.

Kulikuwa na kitu kingine kilichonishangaza. Pembeni mwa kila picha, kwenye ukingo mweusi, palikuwa na picha ndogo ya saa yenye mishale. Ndani ya kamera ya ndege mlikuwa na saa, na kila picha ilipopigwa saa nayo ilipigwa. Kwa hiyo ulijua kwamba kilima fulani kilionekana hivi siku fulani, saa fulani na dakika fulani. Nilikaa nikiwaza kwamba dakika ile kulikuwa na watu chini wanakohoa, wanateka maji, wanagombana, na wala hawakujua.

Tukaanza kazi. Kitabu cha mwongozo kilitupa ufunguo wa kutambua vitu kwenye picha. Weusi wenye mikunjo ni msitu. Weupe laini ni shamba lililovunwa. Nukta nyeusi zilizotapakaa juu ya weupe ni vichaka, yaani pori lisilotumika. Kitabu kiliandikwa na watu waliotembelea nchi nyingi, sidhani kama Ufipa ilikuwa mojawapo. Lakini nilikipenda kitabu kile. Kilikuwa na jibu kwa kila kitu, na mimi nilikuwa na umri wa kupenda majibu.

Ndugu Ambakisye hakukipenda sana. Kila nilipomaliza kuchora karatasi moja alikuwa ananituma kwenda kukanyaga nilichokichora. Nilipanda lori la magunia mpaka Mwazye. Huko nikagundua kwamba bwawa langu zuri lililometa kwenye picha lilikuwa paa la ghala, bati jipya kabisa limepigwa na jua. Niliporudi kusema, hakucheka. Alinipa kifutio. Niliteremka Milepa nikakuta mto umehamia upande wa pili wa miti. Kifutio tena. Kwa majuma hayo nilimaliza vifutio vingi kuliko penseli, na visigino vyangu vilipasuka, na nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi. Kila asubuhi niliamka nataka kukimbia ofisini.

Karatasi ya mwisho ilikuwa ya kwetu, kilima chetu kwenye njia ya Pito. Hiyo niliichora kwa majivuno. Nyumba yetu niliiona, na njia ya kisimani, na shule. Upande wa pili wa kilima palikuwa na eneo kubwa lenye nukta zilizotapakaa. Nikafungua kitabu, nikaandika katikati yake herufi K, vichaka. Nikaongeza kwa mwandiko mzuri: ardhi tupu.

Ndugu Ambakisye aliitazama. “Huku umefika?”

“Nimezaliwa huku, Ndugu.”

“Sikuuliza ulizaliwa wapi.”

“Nakujua kote,” nikasema. Mpaka leo nikikumbuka naona aibu masikioni. Nilichoka kutembea, na niliona ni kichekesho mtu kwenda kukagua kwao. Tulikuwa tunakwenda nyumbani Jumapili baada ya misa, mimi na begi la chumvi na sabuni, napita njia ya chini, nakula, narudi mjini kwa masista nilikopanga. Upande wa pili wa kilima sikuwa nimefika tangu nilipokwenda sekondari ya bweni. Yeye akaniamini. Akaweka sahihi yake chini ya yangu.

Karatasi ile ilikuwa ya utafiti tu, ya kuandikia tasnifu yangu. Lakini siku mbili baadaye, Ijumaa, ofisi iliyokuwa inapanga vijiji ikaiomba. Kijiji kipya kilikuwa kinatakiwa upande wetu, pamoja na shamba kubwa la ujamaa, na walikuwa wanatafuta mahali patupu ili wasimsumbue mtu. Hebu fikirieni hilo: walikuwa wanajaribu kufanya vizuri. Wananchi waliulizwa, lakini kila mwananchi wa siku zile alikuwa anasema ardhi ni yake na anailima, kwa hofu ya kuhamishwa, mpaka maofisa wakaacha kusikiliza. Karatasi ya msomi ilikuwa haina hofu. Wakaamua trekta lianze Jumatano, lilime kabla ya mvua, pale pale kwenye herufi yangu K.

Nilisikia nikaona fahari. Ramani yangu inatumika! Jumapili nikaazima miwani ya mezani na picha za kwetu, nikaenda kumwonyesha mama.

Mama yangu aliitwa Skolastika. Baba alikuwa amefariki, na yeye alikuwa mwanamke wa maneno machache yenye chumvi nyingi. Nilimweka kwenye kigoda nje ya jiko, nikaweka picha juu ya ungo uliofunikwa. Alitazama kwa jicho moja, akasema haoni kitu. Nikamfundisha kuyaachia macho. Kisha akainama zaidi, pua ikakaribia kugusa lenzi.

“Ee Mungu,” akasema polepole. “Hivi ndivyo unavyotuona?”

Hakuwa anasema na mimi. Halafu akaanza kwenda kwa kidole. Kisima. Shule. Nyumba yetu, “na hilo paa linavuja mpaka huku juu linaonekana.” Kidole kikapanda kilima, kikateremka upande wa pili, kikasimama kwenye nukta.

“Na hizi ni intumba zangu.”

“Hapo ni vichaka, Mama.”

“Vichaka vya nani?”

“Pori tu.”

Akainua macho kunitazama kama vile nimerudi kutoka chuo nikiwa na pembe. “Pori gani linajipanga, Felista? Tazama. Kutoka hii mpaka hii, na kutoka hii mpaka hii. Umbali ni mmoja. Kichaka kinaota kinapotaka. Huo ni umbali ambao jembe linafika, huku mara moja, huku mara moja. Hayo majani ya katikati nimeyakata mimi.”

Kwa wale wenu ambao hamkulelewa huku, nieleze. Mvua zinapokaribia kwisha, nyasi zikiwa ndefu, Mfipa anakata nyasi, anazikusanya mahali pamoja, anazifunika kwa udongo anaougeuza kuzizunguka. Inatokea tuta la mviringo linalofika gotini au kupita. Hiyo ni intumba. Shamba zima linakuwa na matuta hayo, mamia, na kiangazi chote unaliacha. Hakuna zao, hakuna mtu. Ndani nyasi zinaoza. Mvua zikirudi unavunja, unasambaza, unapanda ulezi. Mimi mwenyewe nimetengeneza intumba tangu nikiwa na miaka saba. Nazijua kwa mgongo wangu. Lakini nilikuwa nazijua kwa pembeni, toka chini. Toka juu sikuzitambua, kwa sababu kitabu kilishaniambia ni nini.

“Shamba letu si kule bondeni?” niliuliza.

“La bondeni limechoka, tumeliacha lipumzike. Mwaka huu kilima kizima tumehamia upande wa pili. Si nilikwambia kwenye barua?”

Alikuwa ameniambia. Katekista alimwandikia, kurasa mbili, na mimi niliisoma nikiwa natembea kwenda kwenye mhadhara.

Nikamwambia habari ya trekta. Mama hakupiga kelele. Aliweka mikono mapajani akaitazama. “Likipita Jumatano,” akasema, “nyasi zinatawanyika juani, hazijaoza. Mwakani hatuna ulezi. Si mimi tu. Kilima kizima.” Halafu akauliza swali ambalo ndilo lililoniua. “Nani kawaambia ni pori?”

Nikaanza kuzikusanya picha. Akaelewa.

Jumatatu nilikuwa mlangoni pa ofisi kabla ya mfagiaji. Ndugu Ambakisye alipofika nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama, hata lile la kutokwenda. Nilitegemea anifokee. Alikaa, akachukua penseli ambayo ilikuwa imechongwa tayari, akaichonga tena mpaka ikabaki nusu.

“Sahihi ni yangu pia,” akasema. “Twende.”

Mwenyekiti wa kamati ya kupanga vijiji alikuwa mtu mrefu mwenye kofia, si mwenyeji wa Rukwa, mchapakazi ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi na kukosa usingizi. Alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, “Shamba hilo ni la nani?”

“La wananchi wa kilima kile,” nikasema.

“Yupo mwenye undugu na wewe?”

“Mama yangu, Ndugu Mwenyekiti.”

Akavua kofia akaiweka juu ya meza. “Ijumaa lilikuwa pori. Umekwenda nyumbani Jumapili kula ugali wa mama. Jumatatu limekuwa shamba.”

Nilitamani sakafu ipasuke. Alichosema kilikuwa cha haki kabisa. Ndugu Ambakisye akasema kuna matuta, twende tukayaone. Mwenyekiti akacheka bila furaha. “Matuta! Tangu Ijumaa habari za trekta zimeenea. Usiku mbili tatu, kilima kizima na majembe, mtashindwa kunipangia matuta?”

“Basi tufanye hivi,” alisema Ndugu Ambakisye. “Picha hizi zilipigwa mwezi wa tano, hakuna aliyekuwa anajua habari za trekta. Chora wewe mwenyewe mraba popote ndani ya pori la Felista. Ahesabu nukta hapa mbele yako, uandike, uweke karatasi mfukoni. Kesho twende tukahesabu chini. Kama hazilingani, trekta lilime, na mimi nitakuandikia barua ya kuacha kazi.”

Hilo la barua hatukuwa tumekubaliana. Nilimgeukia, hakunitazama.

Mwenyekiti alichora mraba kwa penseli nyekundu, kwenye kona ya chini ambako nukta zilikwisha. Nikainama kwenye lenzi. Sijawahi kuhesabu kitu kwa hofu kama ile. Nikahesabu mara tatu. Sitini na tatu. Mwisho wa mstari wa chini palikuwa na doa jembamba, si la mviringo, nikaliona kisiki nikaliacha. Mwenyekiti akaandika sitini na tatu, akakunja karatasi, akaitia mfuko wa shati.

Kesho yake asubuhi tulikwenda kwa Landrova ya ofisi. Mama alikuwa amesimama shambani na jembe lake, amevaa kitenge cha kanisani. Wengine walikaa mbali, kilima kizima. Tukapima mraba kwa kamba, na Mwenyekiti akahesabu mwenyewe, anaruka kutoka intumba hadi intumba na viatu vyake vya mjini, anaweka jani juu ya kila aliyoihesabu. Alifika mwisho akasimama. Akatoa ile karatasi mfukoni.

“Sitini na saba,” akasema.

Watu wakaguna. Mwenyekiti mwenyewe hakuonekana kufurahi, nampa haki yake. “Zimezidi nne, Ndugu Ambakisye. Nne hizi za mwisho. Zimetoka wapi?”

“Ni zangu,” mama akasema.

“Umeziongeza lini, Mama? Juzi?”

“Juzi!” Mama akainua jembe akalipiga ardhini kwa nguvu. Liliruka. Ardhi ya mwezi wa tisa ni mwamba. “Piga wewe tuone. Au nikuvunjie intumba moja, uone nyasi ndani zilivyooza?”

“Mimi si bwana shamba,” alisema Mwenyekiti. “Samadi siijui. Mimi nina karatasi, na karatasi inasema sitini na tatu.”

“Nilizifanya baada ya ndege kupita.”

Ndugu Ambakisye akageuka taratibu. “Ndege gani, Mama?”

“Ile iliyokuja mwisho wa mvua. Ilipita ikarudi, ikapita ikarudi, kama mtu anayelima. Ilipokuwa juu ya kichwa changu nikaacha kazi nikaitazama. Ilipoondoka nikamalizia mstari. Nne.”

“Ndege kila mtu anaweza kuisema,” alisema Mwenyekiti.

Ndugu Ambakisye alikuwa ameshatoa picha kwenye mkoba. Aliiweka juu ya boneti, akafunika ukingo mweusi kwa kidole gumba chake. “Ilikuwa saa ngapi, Mama?”

Mama hakuwahi kuwa na saa. Alitazama juu, akalinyoosha jembe kuelekea mahali fulani angani. “Jua lilikuwa pale. Kengele ya mapumziko ya shule ilikuwa bado, maana watoto walipotoka ndege ilikuwa imeshaondoka, wakalia. Inapigwa saa nne. Kwa hiyo kidogo kabla ya saa nne.”

Kidole gumba kikaondoka. Mishale ya ile saa ndogo ilionyesha saa nne kasoro dakika kumi.

Mwenyekiti aliitazama saa ile, akamtazama mama. Ndugu Ambakisye alikuwa ameshasimamisha miwani juu ya boneti, ameinama kwenye kona ya mraba. Alikaa hapo. Akasogeza picha kidogo. Nikaona shingo yake inakuwa ngumu, na akasema kwa Kinyakyusa neno ambalo sikulielewa, mtu ambaye hakuwahi kushangaa mbele yangu. Akampisha Mwenyekiti. “Mwisho wa mstari wa chini. Lile doa jembamba.”

Mwenyekiti akainama. Akavua kofia ili apate kusogea vizuri.

“Kina mikono,” akasema.

Kilikuwa kivuli. Mtu mwenyewe toka juu ni nukta isiyoonekana, lakini jua la asubuhi lilikuwa limemlaza kwenye udongo, mwembamba, na pembeni mwake mstari mwingine kama unywele, ndio mpini wa jembe. Alikuwa amesimama mwisho wa intumba ya sitini na tatu. Mbele yake palikuwa na nyasi ambazo hazijakatwa, nafasi ya intumba nne.

“Mama,” alisema Mwenyekiti, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. “Njoo ujione.”

Mama akaja, akaweka jembe chini, akainama. “Ni mimi,” akasema. “Mbona nimekuwa mdogo hivyo?” Watu wakacheka, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Mwenyekiti akacheka nao. Akachukua karatasi yangu ya kufuatishia, akaifuta K kwa msalaba mkubwa, akaandika kwamba trekta livuke kijito liende ng'ambo, na akaweka sahihi juu ya boneti. Sitawadanganya kwamba kila kitu kiliisha vizuri siku zile. Mwaka uliofuata nyumba zilihamishwa, na ya mama ikiwemo, paa linalovuja na yote. Lakini ulezi ulivunwa.

Mimi nilitazama mwisho. Nilipomwona nilishindwa kuinua kichwa. Mama akanisogelea akaniambia kwa Kifipa, chini chini ili wageni wasisikie, “Picha hii umekaa nayo siku ngapi?”

“Wiki tatu, Mama.”

“Unanitazama.”

“Ndiyo.”

“Na hukunijua.”

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali. Aliokota jembe lake akaenda kuondoa yale majani ambayo Mwenyekiti aliyaweka juu ya intumba, moja moja.

Tasnifu ilipita. Kitabu cha mwongozo hakikuwa na alama ya intumba, kwa hiyo Ndugu Ambakisye aliniambia nitunge, nikatunga duara dogo lenye nukta katikati. Mmoja wenu aliniuliza mwaka jana alama hiyo ilitoka nchi gani. Ilitoka kwenye ungo wa mama, mwanangu. Ndugu Ambakisye alistaafu akarudi Mbeya na koti lake, akaniachia wembe. Nami nikaendelea, kutoka penseli mpaka kompyuta, kutoka ndege mpaka setilaiti, na mshangao ule wa siku ya kwanza haukuniacha hata asubuhi moja. Ila tangu siku ile kila nilipokutana na mahali panapoonekana patupu, mkono ulikuwa unasita, na kila mmoja wenu nilimuuliza lile swali la Ndugu Ambakisye, “Huku umefika?” Mlikuwa mnaniita Bibi Umefika. Nilikuwa nawasikia.

Mama naye alipata tabia mpya. Kila aliposikia ndege, popote alipokuwa, aliacha kazi, akasimama wima, akanyanyua jembe juu kwa mikono miwili, akakaa hivyo mpaka ndege ipotee. Majirani walimcheka miaka mingi. Nilipomuuliza alisema, “Ili safari hii unijue.”

Uzeeni mwake nilimweleza kwamba siku hizi picha zinapigwa na setilaiti, iko juu sana, haionekani wala haina mlio. Alikuwa anachambua maharage. Alisimamisha mikono.

“Sasa nitajuaje saa ya kuinuka?”

“Usiinuke, Mama,” nikamwambia. “Wewe lima tu. Nitakutafuta.”

Na nilimtafuta, vijana, kwenye kila picha iliyopita mezani kwangu, mpaka mwaka aliofariki, na baada ya hapo pia.